Astigmatizimu hatua kwa hatua: kuielewa, kuipima na kuirekebisha

Watu wengi wakipewa karatasi ya vipimo vya macho hutazama namba ya kwanza tu. "Mimi ni moja na nusu," mtu husema, basi, imetosha. Zile namba mbili zinazofuata, chini ya CYL na AXIS, anamwachia fundi wa miwani. Kumbe ndizo zinazoeleza astigmatizimu yake, yaani kasoro ya mpindo wa jicho inayotia ukungu kwenye picha, na mara nyingi ndizo zinazoamua kama miwani mipya itamwonyesha maandishi makali au itamletea maumivu ya kichwa na sakafu inayoonekana imeinama. Astigmatizimu ina nguvu na ina mwelekeo. Ukipata nguvu sahihi ukakosa mwelekeo, hujarekebisha kitu. Jambo hilo litajirudia katika kila hatua hapa chini, kuanzia miwani hadi chumba cha upasuaji.

Hatua ya 1: Elewa kinachotokea ndani ya jicho

Mwanga unaoingia jichoni hupindishwa mara mbili. Kwanza na konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, kisha na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Konea ndiyo inayofanya kazi kubwa: nguvu yake ni takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga) 43 kati ya 60 hivi za jicho zima. Kama mviringo wa konea uko sawa pande zote, miale yote hukutana mahali pamoja juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na picha hutoka kali.

Sasa chukua kijiko ugeuze mgongo wake. Kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kimepinda kwa ukali, lakini kutoka nchani kuelekea kwenye mpini mpindo wake ni wa taratibu. Konea yenye astigmatizimu iko hivyo, ingawa tofauti ya mipindo yake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Ule mpindo mkali unakusanya miale karibu, ule wa taratibu unaikusanya mbali zaidi. Matokeo yake nukta moja ya mwanga haitoi nukta moja ndani ya jicho. Inatoa mistari miwili, mmoja mbele ya mwingine, na katikati yake duara la ukungu. Hakuna umbali ambao kila kitu kinakuwa kikali kwa pamoja. Ndiyo maana astigmatizimu, hasa ikiwa kubwa, inaharibu kuona kwa mbali na kwa karibu pia, tofauti na mtu asiyeona mbali tu, ambaye akisogeza kitabu karibu anasoma bila shida.

Si lazima kasoro iwe kwenye konea. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young, aliyeeleza hali hii mwaka 1801 kwa kulichunguza jicho lake mwenyewe, alilizamisha jicho kwenye maji ili kuondoa nguvu ya konea, na bado akaikuta kasoro ipo. Akajua kwamba kwake tatizo lilikuwa kwenye lenzi ya ndani. Miaka 24 baadaye, mwaka 1825, mwanaastronomia George Airy alitengenezewa lenzi ya silinda (iliyopinda zaidi upande mmoja ili kurekebisha astigmatizimu) kwa ajili ya jicho lake la kushoto, na kanuni iliyotumika siku ile ndiyo inayotumika kwenye miwani hadi leo.

Kuna aina mbili unazopaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni astigmatizimu ya mpangilio: mpindo mkali zaidi na mpindo wa taratibu zaidi vimekaa kwa pembe mraba. Hii ndiyo ya watu walio wengi, na miwani huirekebisha vizuri. Ya pili ni isiyo na mpangilio, ambapo uso wa konea una mabonde na vilima kwa sababu ya kovu, jeraha au ugonjwa unaodhoofisha konea. Hii miwani huipunguza tu, haiimalizi.

Chanzo? Mara nyingi umbo la jicho tangu mwanzo, na linaweza kurithiwa. Nyingine huja baadaye: kinyama kinachoota juu ya konea na kuivuta, uvimbe wa kope unaoikandamiza, au mshono baada ya upasuaji. Kusoma kwenye mwanga hafifu au kukaa karibu na runinga hakuleti astigmatizimu. Na hakuna zoezi la macho, karoti wala vidonge vya vitamini vinavyobadilisha umbo la konea. Tafadhali usimcheleweshe mtoto kupata miwani kwa kusubiri vitu hivyo vifanye kazi.

Hatua ya 2: Zitambue dalili

Dalili inayojitambulisha zaidi ni kivuli. Herufi inaonekana kama imechapwa mara mbili, ya pili ikiwa hafifu na imesogea kidogo upande, juu au chini. Namba 3, 6 na 8 zinachanganyika. H inaonekana kama N. Usiku taa za magari hutoa miali mirefu, tena kila mara kwa mwelekeo uleule. Mtu hukunja macho ili aone, kwa sababu kope zikikaribiana hukata miale ya upande mmoja na picha hukaa sawa kwa muda. Kuna anayeinamisha kichwa bila kujua. Macho huchoka mapema na paji la uso huuma baada ya kusoma.

Ikiwa ndogo, chini ya nusu dayopta hivi, huenda usihisi chochote. Watu wengi sana wanayo kwa kiasi kidogo na hawahitaji tiba.

Yapo majaribio matatu unayoweza kufanya nyumbani kabla ya kwenda kupimwa:

1. Toboa karatasi ngumu kwa ncha ya sindano, tundu la milimita moja hivi. Funga jicho moja, tazama maandishi ya mbali kupitia tundu hilo. Yakionekana makali kuliko kawaida, tatizo lako huenda ni la miale kutokukutana vizuri, na miwani inaweza kusaidia. Yasipobadilika kabisa, wahi kwa daktari wa macho, maana chanzo kinaweza kuwa kingine.

2. Chora mistari mieusi ya unene sawa inayotoka katikati kwenda pande zote, kama namba za saa. Simama mbali kidogo, utazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kama mistari ya upande mmoja ni myeusi na mikali na ile ya pembe mraba nayo imefifia, hiyo ni alama ya astigmatizimu.

3. Kama tayari una miwani na hujui ina silinda au haina, ishike kwa urefu wa mkono na utazame ukingo wa mlango kupitia lenzi moja. Izungushe polepole kama usukani. Lenzi isiyo na silinda haiubadilishi mstari. Yenye silinda itafanya kipande cha ukingo kinachoonekana ndani ya lenzi kiiname, kiachane na kile cha nje kama makasi yanayofunguka. Kadiri silinda ilivyo kubwa ndivyo mstari unavyoinama zaidi.

Majaribio haya yanakupa sababu ya kwenda kupimwa. Hayakupi namba.

Hatua ya 3: Pimwa vizuri, na ujue kazi yako kwenye kile kiti

Kwa kawaida utaanza na mashine ya kutazama picha ndani yake, ambayo inakadiria nguvu ya jicho kwa sekunde chache. Mpimaji anaweza pia kukumulika kwa retinoskopu, kifaa cha mkononi chenye mstari wa mwanga, akaangalia jinsi mwangaza unavyosogea ndani ya mboni. Kipo na kifaa cha kupima mpindo wa konea, na kwa mwenye mashaka zaidi hufanyiwa topografia, yaani ramani ya rangi ya uso wote wa konea.

Hayo yote ni mwanzo. Namba ya mwisho inatokana na majibu yako, na hapa ndipo watu wanapoharibu kipimo bila kujua. Mpimaji anaweka mbele ya jicho lenzi ndogo yenye mpini, anaipindua upande huu na upande ule, anauliza: "Ya kwanza, au ya pili?" Anautafuta mhimili wako, yaani mwelekeo wa astigmatizimu yako. Kila unapochagua, anauzungusha kidogo kuelekea upande uliochagua, anauliza tena, na hatua zinazidi kuwa ndogo. Wengi wanapofika mahali picha mbili zinafanana wanaingiwa na hofu, wanadhani wamekosea, wanataja jibu lolote ili wasionekane wanasumbua. Usifanye hivyo. "Zinafanana" ndilo jibu analolitafuta: picha hizo mbili zikiwa sawa, mhimili umepatikana. Picha zote mbili huwa na ukungu kidogo, nalo hilo ni la kawaida. Wewe linganisha tu. Omba akurudishie picha ukihitaji. Pepesa macho kabla ya kujibu, na usiyakunje wala kuyasugua.

Ukiwa unavaa lenzi mguso (zile zinazowekwa juu ya jicho lenyewe), uliza mapema uzivue siku ngapi kabla ya kipimo, kwa sababu zinaweza kubadilisha umbo la konea kwa muda. Za plastiki ngumu huhitaji muda mrefu kuliko laini.

Mtoto mdogo kwa kawaida hutiliwa kwanza matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho, maana misuli yake ina nguvu na inaweza kuficha kipimo halisi. Mboni zitapanuka, mwanga utamuumiza na vitu vya karibu vitakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, wakati mwingine zaidi ya siku. Kofia yenye ukingo itamsaidia.

Hatua ya 4: Soma karatasi yako mwenyewe

Tuchukue mfano: −1.50 / −1.25 × 180.

Namba ya kwanza, SPH, ni nguvu ya pande zote. Alama ya kutoa inamaanisha huoni mbali vizuri. Ya kujumlisha inamaanisha jicho linajitahidi zaidi kwa vitu vya karibu. Namba ya pili, CYL, ni silinda: kiasi cha astigmatizimu. Ikiwa pameachwa wazi au pameandikwa DS, huna inayohitaji kurekebishwa. Namba ya tatu, AXIS, ni mhimili, pembe kuanzia 1 hadi 180, ambako 180 ni ulalo na 90 ni wima. Kwenye mhimili wenyewe silinda haiongezi nguvu yoyote. Nguvu yake iko pembe mraba na hapo. Kwa hiyo jicho la mfano wetu linahitaji −1.50 kwa ulalo, na kwa wima −1.50 pamoja na −1.25, yaani −2.75.

Kuna jambo linalowatisha watu bure. Unapimwa mahali pawili, karatasi moja inasema −1.50 / −1.25 × 180, nyingine −2.75 / +1.25 × 90. Ni miwani ileile. Baadhi ya wapimaji huandika silinda kwa alama ya kutoa, wengine kwa kujumlisha. Ukitaka kuhakikisha, jumlisha SPH na CYL upate SPH mpya, geuza alama ya CYL, kisha ongeza au toa 90 kwenye mhimili ubaki kati ya 1 na 180. Zikilingana, hakuna aliyekosea.

Sasa umuhimu wa mhimili kwa hesabu. Lenzi ikizunguka digrii 10 kutoka mahali pake, karibu theluthi ya marekebisho inapotea. Ikizunguka digrii 30, ukungu unaobaki ni mkubwa sawasawa na ule uliokuwa nao kabla ya kuvaa. Mwenye silinda ya 0.50 anaweza asihisi kosa la digrii 10. Mwenye silinda ya 3.00 akikosewa digrii 5 tu anabakiwa na nusu dayopta, na ataihisi siku nzima. Kwa hiyo kadiri CYL yako ilivyo kubwa, ndivyo unavyopaswa kuwa mkali kuhusu mhimili.

Hatua ya 5: Miwani, tiba ya kwanza kwa wengi

Lenzi ya miwani ya astigmatizimu ina mpindo tofauti kwa pande mbili, na fundi anaikata ili mhimili wake ukae sawa na wa jicho. Kutokana na hapo, fremu ni sehemu ya tiba. Iliyolegea upande mmoja inainamisha lenzi na kuuhamisha mhimili. Fremu za duara kamili zina hatari yake: bila pembe za kuishikilia, lenzi inaweza kuzunguka ndani ya fremu unapoifuta, nawe ukaanza kuona vibaya bila kujua kwa nini. Kwa silinda kubwa mimi ningechagua fremu yenye pembe, ndogo kiasi, inayokaa imara puani. Miwani ya kusomea inayouzwa tayari haina silinda, hivyo haitakufaa kama yako ni kubwa.

Siku za mwanzo jiandae. Sakafu inaweza kuonekana imeinama, mlango umepinda, ngazi ziko karibu kuliko zilivyo. Ubongo ulishazoea picha iliyovutwa upande mmoja na sasa unapewa nyingine. Vaa miwani tangu asubuhi badala ya kuvaa na kuvua, shuka ngazi ukishika kizuizi, na usiendeshe gari hadi uizoee. Watu wengi hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita hapo bado unaumwa kichwa, rudi. Omba kwanza lenzi zipimwe kwenye kifaa cha kupimia lenzi zilinganishwe na karatasi. Ni kazi ya dakika chache, nayo inaonyesha kama kosa liko kwenye kutengeneza au kwenye kipimo. Mtu mzima anayepata silinda kubwa kwa mara ya kwanza wakati mwingine hupewa pungufu kidogo ili azoee, kisha inaongezwa.

Hatua ya 6: Lenzi mguso

Lenzi laini ya kawaida hujilaza juu ya konea na kufuata umbo lake, hivyo astigmatizimu inabaki palepale. Ndiyo maana kuna lenzi za toriki, zenye nguvu mbili tofauti. Hizi zina tatizo ambalo miwani haina: jicho linapepesa, na lenzi inaweza kuzunguka. Watengenezaji wanaongeza unene sehemu fulani ili kope ziisukume ikae mahali pake, na wanaweka alama ndogo ukingoni ili mpimaji aone imetulia pembe gani. Subiri robo saa hivi baada ya kuvaa ndipo ahukumu. Kama maandishi yanakuwa makali, yanafifia, yanarudi kila ukipepesa, lenzi inazunguka. Mweleze hivyohivyo, atabadilisha mhimili au aina.

Lenzi ngumu zinazopitisha hewa hazifuati umbo la konea. Machozi hujaza nafasi iliyo chini yake na kusawazisha uso, na kwa baadhi ya watu hutoa picha kali kuliko miwani. Kuzizoea kunahitaji subira.

Usinunue lenzi mguso kwa karatasi ya miwani. Zinahitaji kipimo cha mpindo na kipenyo, na nguvu zikizidi dayopta 4 hivi namba zenyewe hubadilika kwa sababu lenzi imesogea kutoka mbele ya jicho hadi juu yake. Nawa mikono na uikaushe, usizioshe kwa maji ya bomba, usilale nazo bila ruhusa. Maji yanaweza kubeba kiumbe aitwaye Acanthamoeba, ambaye maambukizi yake kwenye konea ni magumu kutibu na yanaweza kuondoa uwezo wa kuona.

Hatua ya 7: Upasuaji

LASIK, PRK na SMILE zote hubadilisha umbo la konea kwa leza, na zinaweza kuondoa astigmatizimu pamoja na kutoona mbali. Anayefaa ni mtu mzima ambaye vipimo vyake vimetulia kwa angalau mwaka mmoja, mwenye konea nene ya kutosha (katikati ni kama nusu milimita tu) na isiyo na dalili za ugonjwa wa kuidhoofisha. Ukavu wa macho na miali ya taa usiku ni matokeo yanayojulikana. Kwa wengi hupungua kwa miezi, kwa wachache hubaki. Na baada ya miaka 40 hivi bado utahitaji miwani ya kusomea.

Uliza swali moja ambalo wagonjwa hawaliulizi: mhimili wangu mtaudhibiti vipi? Mtu akilala chali, jicho huweza kuzunguka digrii kadhaa ndani ya tundu lake. Kwa hiyo alama huwekwa jichoni mgonjwa akiwa amekaa wima, au mashine hulitambua jicho na kujirekebisha yenyewe.

Kama unasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, zungumza kuhusu astigmatizimu kabla ya siku yenyewe. Lenzi ya bandia inayowekwa ndani inaweza kuwa ya toriki, ikamaliza mambo mawili kwa upasuaji mmoja. Ikizunguka baadaye, daktari anaweza kuirudisha mahali pake, na ni rahisi zaidi wiki za mwanzo.

Usiyoruhusiwa kuchelewesha

Mtoto. Watoto wachanga wengi wana astigmatizimu inayopungua wenyewe katika miaka ya mwanzo, lakini ikibaki kubwa, au ikiwa ya jicho moja inaizidi ya jingine, ubongo unakua bila kupata picha kali na unajifunza kulipuuza jicho hilo. Hilo ndilo jicho vivu. Mtoto halalamiki, kwa sababu hajawahi kuona vingine. Miwani ikija mapema huokoa. Ikija ukubwani, inakuta jicho zima na ubongo usioweza kulitumia kikamilifu. Apimwe kabla ya kuanza shule, hata kama anaonekana anaona vizuri.

Kijana ambaye silinda yake inapanda kila akipimwa. Huenda ana keratokonasi, ugonjwa unaofanya konea iwe nyembamba na kuchomoza mbele kama koni. Mara nyingi huanza wakati wa balehe, na kusugua macho kunahusishwa nao, kwa hiyo mzio wa macho utibiwe ili kuwasha kuishe. Upo utaratibu wa kuimarisha konea kwa matone ya riboflavini na mwanga wa urujuanimno. Kazi yake kuu ni kuuzuia ugonjwa usiendelee, hivyo aliyewahi ndiye anayebaki na macho mazuri zaidi. Baada ya hapo lenzi ngumu, au zile kubwa zinazokaa juu ya weupe wa jicho, humrudishia uoni ambao miwani haiwezi kumpa.

Kwa sababu hiyo hifadhi karatasi zako zote za vipimo, hata kwa kuzipiga picha, na uende na ya zamani kila unapopimwa. CYL ikiwa 0.25, mhimili ukiruka kutoka 20 hadi 60 si kitu. CYL ikiwa imetoka 1.50 hadi 2.75 ndani ya mwaka, au mhimili wa silinda kubwa umehama wazi, omba topografia ya konea kabla ya kuagiza miwani nyingine.